Kiti Kilichotazama Kilima

Nimehamia Kiseke, mahali tambarare, na bado kila asubuhi nikifungua mlango nainua macho kutafuta jiwe. Hakuna jiwe. Kuna ukuta wa jirani, kuna mpapai, kuna nguo za watu kwenye kamba. Nabaki nimesimama hapo mlangoni hadi binti yangu Rehema ananiuliza, "Mama, unatafuta nini?" Namjibu kwamba naangalia kama kuna dalili ya mvua. Ukweli ni kwamba mshtuko nilioupata haujanitoka mwilini, na aliyenishtua ni mzee mmoja ambaye nilidhani namjua kama ninavyoijua njia ya kwenda dukani kwangu.

Tulimwita Mwenyekiti. Uenyekiti wa mtaa aliuacha zamani, na wenyeviti wengine wamekuja na kuondoka, lakini ukisema "Mwenyekiti" pale kwetu, juu kidogo ya Mabatini, hakuna aliyemfikiria mwingine. Hata mwenyekiti wa sasa alimwita Mwenyekiti, na akimpa shikamoo alivua kofia. Jina lake nalijua. Silitaji, maana yeye mwenyewe ukimwita kwa jina alichelewa kuitika. Alifariki juzi juzi, kitandani, nyumbani kwa binti yake huku huku Kiseke, na tulimzika kwenye udongo laini ambao jembe halikugonga kitu.

Wasioujua mtaa wetu niwaeleze ulivyokaa. Mwanza ni mji wa mawe, na sisi tuliokosa tambarare tulijenga pale mawe yalipotuachia nafasi. Nyumba zilipanda kilima mgongo kwa mgongo, mlango wa huyu ukitazama bati la yule. Juu ya zote kulikuwa na jiwe moja kubwa kuliko nyumba yoyote, limekaa ukingoni mwa kilima kama mtu anayechungulia. Ndilo tulilolitumia kuelekeza wageni: ukiona jiwe, nyoosha chini yake, uliza kwa Mama Rehema. Nyumba ya kwanza chini ya jiwe ilikuwa ya Mwenyekiti. Ya pili ilikuwa yangu. Asubuhi jiwe lilitupa kivuli, tukafua na kupepeta mchele bila kuungua na jua, tukajiona tuna bahati. Hakuna aliyewahi kuuliza limeshikwa na nini. Jiwe ni jiwe, mababu walilikuta.

Bado lipo. Wataalamu walikuja, wakapima, wakazungusha utepe, wakaandika alama nyekundu kwenye kuta zetu. Wapo watu wanaosema mzee alitutisha bure. Mimi siwabishii, ila silali tena chini yake.

Nianze na kiti chake, kwa sababu kila aliyefika kwake alianza na kiti. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, kazi ya fundi wa zamani, na kilikaa barazani kwake mahali ambapo mtu angeweza kuliona ziwa lote. Yaani ukisimama pale unaona boti zinaingia soko la samaki la Mwaloni, unaona vivuko, na siku isiyo na ukungu unaona visiwa mpaka vile vya mbali ambavyo hatukubaliani majina yake. Watu wa mjini wanalipia hoteli ili waone hayo. Mwenyekiti alikuwa nayo bure, na alikaa amelipa ziwa kisogo. Kiti kilitazama kilima, kila siku, jua au mawingu. Ukimtembelea ilibidi ukae kwenye mkeka mbele yake, na unapozungumza naye unayaona macho yake yakipita juu ya kichwa chako, kule juu.

"Mwenyekiti, ziwa limekukosea nini?" nilimuuliza siku moja.

"Ziwa halina neno," alisema. "Ziwa linajiangalia lenyewe."

Mama Kulwa, jirani yetu anayekaanga samaki, mwanamke asiyenyamaza hata akiwa na mwiba mdomoni, alikuwa na maelezo yake. Alisema mzee aliachwa na mwanamke wa Ukerewe ndiyo maana hataki kuona maji. Tulicheka. Maelezo hayo yalitutosha kwa miaka.

Kabla ya uenyekiti alikuwa fundi mwashi, na nyumba nyingi za mtaa ule zina mkono wake. Viwanja pia yeye ndiye aliyewaonyesha watu walipoanza kuja. Alisimama na mguu kwenye jiwe dogo akasema, "Wewe hapa, wewe pale," na watu wakajenga. Yeye alijichagulia cha juu kabisa, na wakati ule walimsema kwamba amejipendelea hewa nzuri. Alikuwa na mikono mipana yenye vidole vilivyokakamaa, na ukimpa mkono ulihisi umeshika tofali.

Mikutano yake sikuikuta yote, lakini niliyoikuta sitaisahau. Alikuwa na filimbi ya bati iliyoning'inia shingoni kwa uzi wa kiatu. Akiipuliza, watu wanatoka na sabuni mikononi. Hakupenda hotuba. Alisema, "Mficha uchi hazai. Mwenye la kusema aseme." Halafu alinyamaza, na ukimya wake ulikuwa mzito kiasi kwamba mwenye kosa alianza kujikuna. Niliona baba mzima akikiri kwamba choo chake kimepasuka na kinamwagikia kwa jirani, jambo ambalo alikuwa analikana tangu masika. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho akasema, "Asante. Heri umesema wewe kuliko kusemewa na harufu." Kesho yake alikwenda mwenyewe na mwiko kukiziba kile choo.

Methali hiyo ya uchi aliitumia hadi watoto wakawa wanamwigiza. Aliitumia kwa wagonjwa wanaoogopa hospitali, kwa wasichana wenye mimba, kwa mwenye duka anayepunja sukari. Nilimwona kuwa mtu pekee duniani asiye na kitu cha kuficha. Ningeapa mahakamani.

Lakini alikuwa na mambo yake. Kubwa lilikuwa vioo. Kioo kikivunjika mtaani, kabla hujamaliza kumkaripia mtoto wa mpira, Mwenyekiti ameshafika na mfuko wa kitambaa. Anachutama, anachagua vipande virefu vyembamba, anavifuta kwenye shati lake, anakushukuru kama umempa chakula. Dirisha langu la sebuleni, lile la vioo vya maua maua, lilivunjwa na Kulwa mwenyewe, na nilikuwa nimekasirika hadi kichwa kinaniuma. Mzee akaja akaokota maua yangu akasema, "Haya mazuri haya, yanaonekana hata kwenye kivuli."

"Anajenga ukuta," Mama Kulwa alininong'oneza. "Atavipanga juu kuzuia wezi."

"Ukuta upi? Hana hata ua wa mabua."

"Basi ni dawa. Wazee hawa huwajui."

Na alikuwa na kopo la siagi ambalo ndani yake kulikuwa na saruji kavu kidogo, daima, hata miaka mingi baada ya kuacha ufundi. Nilidhani ni mazoea, kama shangazi yangu aliyestaafu ualimu na bado anatembea na chaki.

Mimi kupanda kilima nilianza kwa sababu ya presha. Siku moja nilisimama nusu ya njia ya kwangu, nimeegemea ukuta wa mtu, nahema. Mwenyekiti alikuwa anateremka. Hakuniuliza hali. Alisema, "Mama Rehema, dawa ya presha iko huko juu na haina foleni. Jumamosi tunapanda." Sikuwa na hamu hata kidogo. Kilima chetu si kilima cha kutembelewa. Wageni wanakwenda kupiga picha na mawe yaliyo majini. Cha kwetu hakina jina linaloandikwa. Tuliita Kule Juu. Walikwenda wakata kuni wachache, na mbuzi.

Jumamosi ya kwanza nilishtuka. Nilikuwa nimeishi chini ya mahali pale miaka yote na sikujua kwamba ukivuka nyumba ya mwisho sauti ya mji inakatika. Redio, pikipiki, wauza maji, vyote vinabaki chini kama mtu amefunga mlango. Unasikia nyasi. Unasikia pimbi wakigombana kwenye mapango yao kwa sauti ya mlango mbovu. Mijusi yenye vichwa vyekundu inapiga pushapu juu ya mawe, na mikuyu imeota mahali ambapo huoni hata konzi ya udongo, mizizi yake imeingia kwenye nyufa. Nilitaka kusema kitu, Mwenyekiti akaniwekea kidole mdomoni.

"Kilima hakipandwi kwa mdomo," alisema.

Basi tulipanda kimya, na kila Jumamosi baada ya hapo ilikuwa kimya. Alitembea polepole kuliko umri wake ulivyohitaji. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama akaweka kiganja kwenye jiwe la njiani, akakiacha pale, kama nesi anayepima homa ya mtoto. Nilidhani anapumzika bila kutaka nijue, nikawa na mimi naweka kiganja ili asione aibu.

Alikuwa na sharti moja. Kila anayepanda lazima achukue jiwe chini, la kujaa mkono, apande nalo. "Mgeni haingii nyumba ya watu mikono mitupu," alisema. Kule juu tuliyaweka kwenye rundo karibu na jiwe kubwa, na Jumamosi iliyofuata rundo lilikuwa limepungua, nami nikadhani mbuzi wameyatawanya. Sharti hilo lilinipendeza sana. Nilimwambia kila mteja aliyeingia dukani kwangu kununua uzi au vifungo kwamba ni mila ya Wasukuma, kupelekea kilima zawadi. Nilieleza kwa kujiamini, kwamba ni heshima kwa mababu. Hata vijana wa kwaya walipopanda siku ya Pasaka niliwabebesha mawe wote, na padri wao mmoja akabeba mawili. Mama Kulwa aliposikia aliacha karai lake la mafuta.

"Mila gani hiyo? Mimi ni Msukuma wa kuzaliwa, mama yangu Msukuma, bibi yangu Msukuma. Sijawahi kusikia."

"Labda ya ukoo mwingine," nilisema.

"Mwenyekiti mwenyewe si Msukuma. Babu yake alikuja na biashara ya chumvi."

Nilimuuliza mzee. Alisema, "Kila mila ilianza na mtu mmoja," akabadilisha mazungumzo.

Tukifika juu, mimi nilikaa kwenye bamba la jiwe nikatazama ziwa, naye akakaa ubavuni pangu akatazama jiwe. Kule juu nako. Baada ya muda aliinuka, akachukua mfuko wake, akasema, "Nakwenda kuchimba dawa," kama watu wanavyosema safarini basi likisimama porini. Akazunguka nyuma ya jiwe kubwa. Akakaa huko. Akakaa sana. Mimi ni mwanamke mtu mzima na nimeuguza baba, najua mzee akichelewa hivyo maana yake nini. Nilivumilia mwaka mzima, halafu nikamvuta pembeni binti yake alipokuja kumtembelea, nikamwambia kwa sauti ya chini ampeleke baba akapimwe tezi dume. Alimpeleka. Mzee alirudi amekasirika hadi kofia imekaa upande.

"Wamenipima mpaka aibu yangu yote," alisema. "Wamesema mimi mzima kama ng'ombe dume. Nani aliyekwambia mimi naumwa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Jumamosi iliyofuata alichimba dawa muda ule ule.

Binti yake huyo alimsihi kila sikukuu ahamie kwake Kiseke. Ana nyumba nzuri, vyumba, maji ndani. Alikataa kila mara kwa jibu moja: "Kiseke hakuna hata jiwe la kukalia." Binti alilia siku moja mbele yangu, akisema baba yake anapenda mawe kuliko damu yake. Nilimshangaa mzee. Alikuwa na moyo wa kumhamisha jirani mgonjwa kwa mkono wake, lakini kwa mwanawe mwenyewe alikuwa mgumu hivyo.

Na alinifanyia mimi jambo ambalo kwa muda mrefu sikumsamehe. Rehema alipokuwa msichana mkubwa nilitaka kumjengea chumba chake, nyuma, upande wa kilima, maana mbele hapakuwa na nafasi. Nilileta tofali, nikampata fundi. Asubuhi ya kuanza tulimkuta Mwenyekiti amekaa juu ya tofali zangu, fimbo magotini.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba. Hapa hapajengwi."

"Kwa nini?"

"Nimesema hapajengwi."

Nilingoja sababu. Mtu huyu aliyewadai wenzake sababu hadharani hadi wakatokwa jasho, aliyesema neno bila sababu ni kelele, alikaa juu ya tofali zangu hadi adhuhuri bila kunipa hata moja. Fundi alichoka akaondoka. Mama Kulwa alisema mzee anakitaka kiwanja. Niliona ajabu iliyoje, na niliumia. Kwa wiki nyingi shikamoo yangu kwake ilitoka kwenye meno. Kisha Rehema akashikwa na malaria, na aliyekuja kwanza, amebeba samaki sato mzima wa supu kwenye jani la mgomba, ni yeye. Alimtazama mtoto, akaniuliza kitanda chake kiko ukuta upi. Nikamwonyesha. Akasema, "Kisogeze upande wa ziwa, kuna hewa." Nilikisogeza, kwa sababu ukimkatalia mzee aliyekuletea sato unakuwa umekosa adabu mara mbili.

Chumba hakikujengwa. Tofali ziliota ukoga.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile. Ilikuwa baada ya masika yaliyonyesha hadi mashuka hayakukauka. Kabla ya mvua, Mwenyekiti alipata kiharusi kidogo. Mdomo ulipinda upande mmoja na mguu wa kushoto ukawa unaburuzika. Hakupanda tena. Mimi nilikuwa nimeacha pia, kwa mvua na kwa uvivu. Asubuhi hiyo jua lilitoka safi, nikasikia ananiita kutoka kwenye kiti chake.

"Mama Rehema. Leo panda peke yako."

"Peke yangu nikafanye nini?"

"Ukifika juu usikae. Zunguka nyuma ya jiwe, kule ninakochimba dawa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Utaona kioo," alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, kama anatafuna. "Cha chini kabisa. Niangalizie kama ni kizima."

Nilipanda. Nilichukua na jiwe, mazoea yana kazi. Njia ilikuwa imechimbika, na pimbi walikuwa kimya. Kule juu nilizunguka jiwe kubwa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kulikuwa na uchochoro mwembamba kati yake na mwamba wa kilima, na ilibidi nipite ubavu ubavu, nguo ikikwaruza. Macho yalipozoea kivuli, nikaona vioo.

Vilikuwa vimepangwa kuanzia juu ya kichwa changu hadi usawa wa goti, kila kimoja kimelazwa kukatisha ufa, ncha moja imeshikwa na saruji kwenye mwamba, ncha nyingine kwenye jiwe. Vyote vilikuwa vimekatika katikati. Vya juu kabisa, vilivyoota ukungu, nusu zake zilikuwa zimeachana hadi mkono wangu ulipita kati yake. Vilivyofuata viliachana kidogo. Nilikiona kioo changu cha maua maua, nusu ya ua upande huu, nusu upande ule. Cha chini kabisa saruji yake ilikuwa bado nyeupe. Nacho kilikuwa kimekatika, na kidole changu cha shahada kilipita.

Mwanzoni sikuelewa. Nilipima tena kwa kidole, ndipo nikaelewa kwamba jiwe linaachana na kilima, kidogo kidogo, kioo kwa kioo. Nilichutama, nikachungulia chini ya tumbo la jiwe, na pale, upande wa kuteremkia, nikayaona mawe yetu. Yalikuwa yamepigiliwa kwa mstari, kama utingo anavyofanya na tairi la lori lililosimama mlimani. Mengine yalikuwa yamesagika. Moja lilikuwa na rangi ya buluu ya jiko langu la zamani, nililibeba mimi, nakumbuka. Kati ya jiwe na jiwe kulikuwa na nafasi ya mwanga, na kwenye mwanga huo niliona bati la Mwenyekiti, na chini yake bati langu, na kamba yangu ya nguo, na sketi ya shule ya Rehema ikipepea.

Kushuka sikumbuki. Nakumbuka nimesimama mbele ya kiti, jiwe nililopanda nalo bado liko mkononi.

"Kizima?" aliuliza.

"Kimekatika."

"Kimepasuka tu au kimeachana?"

Nilimwonyesha kidole kilichopita ufani. Alifumba macho, na nilidhani kiharusi kimerudi.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua."

"Tofali zangu ulizikalia kwa sababu ya hili. Mtoto ukamhamisha kitanda."

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Nilisema. Zamani, hujaja wewe. Wakasema nimenunuliwa na mtu anayetaka viwanja, wakacheka, mkutano ukavunjika. Nikasema ngoja nipate ushahidi. Nikabandika kioo. Kilipokatika..." Alifuta mate pembeni ya mdomo kwa mkono mzima. "Kilipokatika nikakumbuka nani aliwaonyesha viwanja. Nikashindwa kuwaangalia. Nikasema nitalizuia. Nitalitazama. Likitaka kushuka nitaliona, nitapiga filimbi."

Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mzima. Miaka yote hiyo tulilala wakubwa kwa watoto, na filimbi moja shingoni mwa mzee mmoja.

"Mficha uchi hazai, Mwenyekiti," nilimwambia.

"Unadhani nilikuwa namwambia nani kila siku?" alisema.

Alitoa filimbi, akaiweka mdomoni, akapuliza. Mdomo uliopinda haukushika. Hewa ilitoka pembeni, haikutoka sauti hata ya kumwamsha kuku. Alijaribu tena. Kisha akavua ule uzi shingoni akaninyooshea, na nikaona kwamba huyu mtu tuliyemtegemea bila kujua alikuwa ameishiwa pumzi ya kutuita tangu kiharusi, na mvua yote ile imenyesha juu yetu bila mlinzi. Hapo ndipo niliposhtuka zaidi kuliko kule juu.

Nilipuliza. Watu walitoka. Mama Kulwa alikuja mbio na kisu cha samaki, magamba yamemjaa mikononi.

"Nani amekufa?"

"Bado," Mwenyekiti alisema.

Aliwaambia yote, maneno machache, kila neno akilivuta. Hakujitetea, na la viwanja alilitaja la kwanza. Kuna kijana alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake. Wote waligeuka wakatazama jiwe. Lilikuwa jiwe lile lile la kuelekezea wageni, na nikamwona mama mmoja akimvuta mwanawe kutoka kwenye kivuli chake.

"Na yale mawe?" Mama Kulwa aliuliza. "Yale uliyotubebesha?"

"Mlinisaidia kulishikilia."

Mama Kulwa alichomeka kisu kiunoni, akaenda mbio kumtafuta Kulwa. Mwenyekiti wa sasa alivua kofia akasema tuanze na watoto na wagonjwa, waende kwa ndugu leo leo, na yeye anakwenda ofisini kuita watu. Magodoro yalianza kupita njiani vichwani mwa watu. Binti wa mzee alipigiwa simu. Alikuja analia, anakunja nguo za baba yake, na baba yake alimwambia, "Nitakuja huko kwenu kusiko na mawe," akalia zaidi.

Mimi nilikuwa nikibeba masufuria yangu aliponiita tena. Baraza lilikuwa tupu, mkeka umeshakunjwa, amebaki yeye na kiti.

"Nigeuzie kiti, mwanangu."

Sikumwelewa mara moja. Alionyesha kwa kidevu. Nilishika mikono ya kiti, kizito, na yeye ndani yake, nikakizungusha kidogo kidogo kwenye sakafu hadi kikatazama chini, mjini na majini. Miguu ya kiti ilikuwa imechimba vishimo kwenye saruji mahali ilipokaa. Aliangalia, mikono juu ya magoti. Boti ilikuwa inaingia Mwaloni, ndege wanaifuata.

"Kumbe maji yamejaa hivi," alisema.

Alikaa akilitazama ziwa kama mgeni aliyeshuka kwenye basi leo. Nilipaswa kwenda, Rehema alikuwa ananiita njiani, lakini sikuweza kuondoka. Nilisimama nyuma ya kiti chake, nimemshika mabega, uso nimeugeuza nyuma kulitazama jiwe.